Maneno ya Dirishani

Kwa miaka thelathini na mitatu, mtu aliyetaka karatasi ya ufundi katika kiwanda kile cha pampu za maji alishuka ngazi, akapita stoo ya mipira, akafika kwenye dirisha la mwisho la korido ya chini na kugonga kioo mara mbili. Ndani, mwanamke mnene kidogo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, aliinua kichwa na kusema, "Sema shida." Huyo ndiye Bi Kadi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye faili la utumishi. Kwingine kote, hata kwenye orodha ya chai, alikuwa Bi Kadi, na aliitika.

Jina lilitokana na kabati. Lilikuwa la mbao nyekundu, lenye droo arobaini na mbili, na kila droo ilijaa kadi zilizopangwa kwa herufi. Kila karatasi iliyotolewa na kiwanda, iwe ya kufunga pampu mpya au ya kutibu iliyozeeka, ilikuwa na kadi yake: juu jina na namba vimepigwa taipu, chini rafu ilipowekwa. Alipoajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne aliambiwa kazi yake ni kuzichapa tu. Hakuna aliyemwambia aandike chochote kwa penseli. Hilo alilianza mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wake wa tatu kazini. Fundi mmoja alifika kutoka mbali, viatu vyeupe kwa vumbi, akaomba "karatasi ya pampu inayokohoa." Bi Kadi akavuta droo ya K, akapekua, hola. Akavuta ya P. Pampu za kila aina zilikuwemo, lakini hata moja haikukohoa. Yule mgeni akabaki amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani na kukuta nyumba siyo. Mpaka mkuu wa karakana akapita koridoni, akasikia, akacheka.

"Mpe namba sitini na mbili," akasema. "Hewa kuingia kwenye bomba la kuvuta maji. Hiyo ndiyo inayokohoa."

Mgeni alipoondoka, Bi Kadi alichonga penseli, akaandika chini ya kadi ya sitini na mbili: *inakohoa*. Kisha akaweka kadi ndogo kwenye droo ya K inayomrudisha mtu huko. Mwezi uliofuata fundi mwingine alisema pampu yake inatema hewa, akaongeza. Mwingine akasema imekata pumzi, akaongeza. Miaka ilivyokwenda, kadi nyingi zikawa na penseli nyingi kuliko wino. Maneno hayo aliyaita maneno ya dirishani, kwa sababu vitabuni hayakuwemo. Yaliletwa na watu.

Yule mkuu wa karakana naye alikuwa na jina lake la kupachikwa: Fundi Barua. Ndiye aliyeandika karibu nusu ya karatasi zote za kiwanda, na hakujua kuandika namna nyingine ila kama barua. Karatasi ya kubadilisha valvu ilianza hivi: "Ndugu fundi mwenzangu, natumaini umeamka salama. Kabla hujagusa boliti hata moja, hakikisha maji yamefungwa." Wakubwa walimwita juu wakamwambia aondoe salamu, zinakula nafasi. Akawajibu, "Mtu yuko peke yake na mashine mbovu, watu hamsini wamemzunguka na ndoo. Mimi nisimsalimu?" Wakamwachia. Kila alipomaliza karatasi mpya aliishusha mwenyewe hadi dirishani, akamwambia Bi Kadi, "Mwanangu, nisomee kwa sauti." Akimsikia anakwama mahali, alichukua karatasi yake akarudi kupaandika upya.

Na lilikuwa dirisha lile lile lililomletea mume. Katika mwaka wake wa pili, fundi mmoja mrefu wa sehemu ya kuunganisha alikuja Jumatatu kuomba karatasi namba mia mbili na kumi na nne, kubadilisha ngozi ya pistoni. Jumatano akarudi kuiomba tena. Ijumaa akagonga kioo, akainama ili uso uonekane, akaiomba mara ya tatu.

"Kaka," Bi Kadi akasema, "ngozi moja mara tatu kwa wiki? Hiyo pampu inazitafuna?"

"Pampu ni nzima," yule mrefu akajibu. "Mwenye hitilafu ni mimi."

Waliishi pamoja miaka ishirini na sita, wakapata binti mmoja, ambaye sasa ni muuguzi na anaishi mbali. Mrefu alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Baada ya msiba, dada yake, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuja kukaa na wifi yake kwa wiki mbili. Huu ulikuwa mwaka wa sita na cherehani yake bado ilikuwa sebuleni.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka kiwanda kilipofungua tovuti. Ilitolewa amri kwamba karatasi zote zipigwe skani na kuwekwa humo, ili fundi popote alipo azifungue kwenye simu bila kusafiri. Ni jambo jema, na Bi Kadi alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Walikuja watu wa kukodishwa wenye mashine mbili, wakaskani wiki sita mfululizo. Kisha kabati likahamishiwa stoo ya mipira, dirisha likafunikwa kwa ubao, chumba kikapakwa rangi kikawa cha mikutano. Bi Kadi akapandishwa ghorofa ya pili, akapewa meza ya huduma kwa wateja na simu ya kuvaa kichwani.

"Wifi," mshonaji akamwambia jioni ile alipomweleza, "wamekunyang'anya dirisha. Sasa utachungulia wapi?"

Bi Kadi alicheka, lakini akaisukuma sahani kando. Siku ya pili, wakati wa chai, miguu yake ilimpeleka korido ya chini yenyewe. Akasimama mbele ya ubao. Akaweka kiganja juu yake. Akapanda tena.

Simu hazikukawia. Tovuti ilikuwa na nyaraka elfu moja mia moja na arobaini, zimepangwa kwa namba, moja chini ya nyingine, na fundi aliyezifungua alipaswa kuteremka nazo mpaka kidole kife ganzi. Wakawa wanapiga. "Mama, pampu yangu inatoa maji ya kahawia." Naye anajibu bila kufungua chochote, "Nenda namba mia tatu na saba, ukurasa wa pili." Wiki ya kwanza alipokea simu sitini na tatu. Meneja aliona idadi, akaona aibu, akaamua tovuti iwekewe kisanduku cha kutafutia. Kwa kazi hiyo akaletwa Mama Pacha.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tatu, mtaalamu wa tovuti, kioo cha simu yake kimepasuka na nyuma ya mpasuko huo watoto wawili wanacheka. Alikaa meza ya pili, akamwamkia Bi Kadi kwa heshima, akafungua kompyuta.

"Shikamoo Mama. Wamesema nikuulize wewe kila kitu."

"Marahaba mwanangu. Kila kitu ni kingi. Anza na kimoja."

Mama Pacha akamweleza. Kuna kampuni, akasema, ambazo kazi yao ni kutafuta tu. Huna haja ya kununua mitambo wala kuiwekea chumba. Unaipa kampuni anwani ya tovuti yako. Mashine zao zinaitembelea, zinafuata kiungo hadi kiungo, zinasoma kila ukurasa, na huko kwao zinatengeneza faharasa, yaani orodha ya kila neno na mahali lilipo. Wewe unaweka kisanduku tu kwenye ukurasa wako. Mtu akiandika neno, swali linakwenda kwao, jibu linarudi kabla hajapepesa macho.

Bi Kadi akavua miwani. "Kwa hiyo kadi zetu zinatunzwa nyumbani kwa mtu mwingine."

"Ndiyo, Mama. Tena anakuja kuzisahihisha kila siku."

"Na anajua pampu?"

Mama Pacha akatikisa kichwa. "Anajua maneno. Pampu haijui."

"Basi tutaonana naye," Bi Kadi akasema, akavaa miwani yake.

Waliunganisha siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi, mashine za wenyewe zikiwa zimeshapita, Mama Pacha akasogeza kiti na kumpisha mwenzake ajaribu. Bi Kadi aliandika kwa vidole viwili, polepole, neno lililomfungulia kazi: *inakohoa*. Kisanduku kikajibu kwamba hakuna waraka uliopatikana. Akaandika *bomba*. Zikaja mbili: ukurasa wa mwanzo wa tovuti na picha ya mkurugenzi akikata utepe.

Mama Pacha alishika kichwa. Alipekua kutwa nzima, akagundua sababu. Karatasi zote zilikuwa zimepigwa skani kama picha, na mashine ya kutafuta ilipozifikia iliona kila karatasi kama mtu aonavyo ukuta. Ilibidi zipitishwe kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, moja moja, na zile zilizofifia zikaguliwe kwa macho. Programu ilisoma "ngozi" kama "ugozi" na "valvu" kama "valou". Bi Kadi ndiye aliyesahihisha. Alifanya hivyo mwezi mzima, kati ya simu na simu, na kwa vile ilimbidi asome kila mstari, akajikuta amekaa tena na sauti ya Fundi Barua masikioni. *Ndugu fundi mwenzangu, hapa usitumie nguvu, tumia mafuta na subira.* Mara nyingine alicheka peke yake, na Mama Pacha akageuka kutaka kujua, naye akamsomea.

Baada ya hapo kisanduku kilianza kujibu. Ukiandika *hewa kuingia*, sitini na mbili ilikuja ya kwanza. Meneja akashuka kupongeza. Lakini *inakohoa* ilibaki haina kitu, maana hakuna karatasi iliyoandikwa hivyo.

Sasa, huduma ile ilikuwa na ripoti. Kila Jumatatu ilimletea Mama Pacha orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta wakakosa jibu. Bila majina wala namba za simu, maneno tu. Wiki ya kwanza alitaka kuipuuza. "Ona, Mama, watu wanaandika ovyo," akasema, akageuza kioo cha kompyuta.

Bi Kadi akasogea. Akasoma. *Pampu imekata pumzi. Mpini umekuwa mwepesi. Maji yana kutu. Inalia kama paka. Kamba ya ndani imekatika.* Alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Mama, vipi?"

"Ni wao," akasema. "Ni wale wa dirishani."

Akampeleka Mama Pacha chini. Mtunza stoo akawasogezea matairi mawili, wakalifikia kabati, limejaa vumbi, droo moja imevunjika ukingo kwa kugongwa wakati wa kuhama. Bi Kadi akavuta ile ya K. Akatoa kadi, akaipuliza, akamkabidhi.

Mama Pacha akaisoma juu, kisha chini, kisha akaketi kwenye tairi. "Hii yote uliandika wewe?"

"Nilikuwa naandika walichosema."

"Mama, hiki ndicho kitu ambacho yule wa huko," akanyoosha kidole hewani, kana kwamba mitambo ya kampuni ile ilikuwa juu ya dari, "hawezi kukipata popote. Kuna sehemu ya kumwambia kwamba neno hili na lile ni kitu kimoja. Mimi nimeiacha tupu kwa sababu sikujua cha kuweka."

Kuanzia hapo, kila alasiri baada ya simu kupungua, wawili hao walikaa stoo. Bi Kadi alisoma kadi, Mama Pacha aliandika kwenye kompyuta aliyoipakata. Kazi ilikwenda taratibu, maana kila kadi ilikuwa na lake. Moja ilikuwa na alama ya duara ya kikombe, na Bi Kadi alimkumbuka aliyekiweka: msaidizi wake wa kwanza, mdada mcheshi aliyekunywa chai ya moto hadi watu wakamwogopa. Nyingine ilikuwa na neno *imenigomea*, na chini yake mstari mara tatu, kwa sababu fundi aliyelisema alikuwa ametembea siku mbili na alilia pale dirishani. Mama Pacha aliuliza, "Kisha ikawaje?" na Bi Kadi akamwambia, naye akasahau kuandika, wakajikuta jua limehamia ukuta wa pili na wamemaliza kadi tisa.

Walipofika kwenye mia mbili na kumi na nne, Bi Kadi aliisogeza kadi karibu na macho. Chini, pamoja na *ngozi imechoka* na *pistoni inateleza*, kulikuwa na neno la penseli hafifu: *mrefu*.

"Na hili nalo niweke?" Mama Pacha akauliza. "Mtu akiandika 'mrefu'?"

"Hilo liache," Bi Kadi akasema. "Hilo ni langu."

Kadiri orodha ilivyojaa, ripoti ya Jumatatu ilifupika. Simu nazo zikapungua, kutoka sitini kwa wiki hadi kumi na kitu, na waliopiga sasa walikuwa na shida za kweli. Basi ilikuwa Jumatatu moja, ripoti ina mistari minane tu, wa tano ukiwa mrefu kuliko yote waliyowahi kuona:

*Mwanangu habari za kazi. Naomba ile karatasi ya pampu ya gurudumu, kubadilisha beringi. Yangu imeliwa na mchwa. Wasalaam.*

Mama Pacha akaangua kicheko. "Huyu kaandika barua kwenye kisanduku!"

Bi Kadi hakucheka. Alisimama, kiti kikarudi nyuma kikagonga ukuta. Katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu ambaye angemsalimia hata kisanduku.

Fundi Barua alikuwa amestaafu miaka kumi na saba iliyopita. Mara ya mwisho walionana msibani kwa mkewe. Baada ya hapo alihama, simu yake ikawa haipatikani, na watu wakaanza kumtaja kwa sauti ile ya chini inayotumika mtu asipojulikana kama yupo. Bi Kadi mwenyewe, kwa aibu, alikuwa ameshaacha kuuliza.

"Niambie ameandika kutoka wapi," akasema.

"Sijui, Mama. Wao hawatupi hilo, na si vizuri watupe. Tunaletewa swali tu."

"Basi karatasi yake iko wapi? Mbona hakuipata?"

Wakatafuta. Haikuwemo. Bi Kadi akashuka stoo, akalivuta sanduku lililoandikwa *zisizohitajika*, na humo akakuta karatasi mia tatu na kumi za pampu ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani. Hazikuskaniwa hata moja. Ya pampu ya gurudumu ilikuwa katikati, wino umepauka, pini imetia kutu.

Akaenda nayo moja kwa moja kwa meneja, bila kupitia kwa katibu.

"Bi Kadi, hiyo pampu hatuitengenezi tena," meneja akasema kwa upole. "Hata vipuri hatuna. Tukiiweka, watu watadhani tunaiuza."

"Hatuitengenezi, ila wao wanaitumia," Bi Kadi akasema. Akamwekea mezani ripoti za wiki tisa, mistari kumi na minne imepigiwa kalamu. "Gurudumu zito. Gurudumu linalia. Gurudumu limekataa. Hawa wote wanazungusha gurudumu moja, bosi. Tumewauzia sisi. Sasa tuwaambie nini, kwamba tumewasahau?"

Meneja akasoma ile mistari. Alipofika kwenye ile ndefu, aliisoma mara mbili, na uso wake ukabadilika. Alipoanza kazi kijana, naye aliwahi kusomewa karatasi ngumu na mzee huyo, akisimamiwa begani. "Ni yeye?" akauliza.

"Ni nani mwingine?"

"Ziweke," meneja akasema. "Zote mia tatu."

Karatasi ya gurudumu ilikuwa imefifia mno kwa mashine. Bi Kadi aliichapa upya mwenyewe, neno kwa neno, salamu na yote, akachora upya mchoro wa beringi kwa rula. Chini kabisa akaongeza mstari wake: *Ukikwama, piga namba hii, useme shida.* Mama Pacha akaipandisha, akaiwekea kiungo ili mashine iione, kisha akaiamuru huduma ile kwamba yeyote atakayeuliza habari za gurudumu, hii ije mbele ya zote. Asubuhi iliyofuata Bi Kadi aliandika kwenye kisanduku barua ile ile kama ilivyokuja, kuanzia habari za kazi hadi wasalaam. Karatasi ikatokea.

Wakangoja. Jumatatu ya kwanza, kimya. "Pengine amekata tamaa," Bi Kadi akasema nyumbani, akizungusha kijiko kwenye kikombe kitupu.

"Mzee aliyeandikia barua kasha la kompyuta?" wifi yake akamjibu, pini mdomoni. "Huyo hajui tamaa inavyokatwa."

Jumatatu ya pili ripoti ilikuwa na mistari sita. Mama Pacha aliifungua, akageuza kioo taratibu.

*Nimeipata mwanangu. Mchoro ni wa mkono wako naujua. Inazunguka sasa. Mungu akuweke.*

Chini ya maneno hayo huduma ilikuwa imeandika, kama ilivyoandika kwa kila mstari: majibu, sifuri.

Bi Kadi alivua ile simu ya kichwani, akaiweka mezani, akalia waziwazi, kama mtu asiye na wa kumwonea haya. Mama Pacha alimshika bega. Simu ya mteja iliita mpaka ikajichosha.

Siku nne baadaye ilipigwa simu na mwanamke aliyeongea kama anayeomba radhi. "Samahani, hapo ndipo dirisha la karatasi? Baba ameniamuru nipige hii namba. Nimemweleza kwamba anaandikia mashine, hataki kusikia. Anasema kuna mtu."

"Mwambie kuna mtu," Bi Kadi akasema. "Mpe simu."

Ikasikika mikwaruzo, kisha sauti iliyozeeka na kupanda, sauti ya mtu asiyesikia vizuri na anayedhani wenzake hawasikii pia. "Mwanangu! Nisomee kwa sauti, masikio yamekwisha!"

"Shikamoo Fundi!"

"Marahaba! Hii pampu ya shule hapa jirani nimewafungia beringi majuzi. Nimekaa kwenye kiti, nimewaelekeza. Miaka themanini na minne, mwanangu, mkono unatetemeka lakini mdomo mzima."

Waliongea karibu saa nzima. Aliuliza habari za karakana, akaambiwa benchi yake bado ipo na lile jiwe la kunolea nalo lipo. Akauliza nani anaandika karatasi siku hizi, na kama anasalimu. Kisha akauliza, "Na yule mrefu wako hajambo?"

Bi Kadi akasema, "Alitangulia, Fundi. Mwaka wa sita huu."

Yule mzee, safari hii bila kupiga kelele, akasema, "Unajua mimi ndiye niliyemtuma? Ile Jumatatu. Mia mbili na kumi na nne. Karatasi ilikuwepo pale karakana, imebandikwa ukutani. Nilimwona anavyopita korido ya chini bila kazi, nikamwambia kachukue nyingine."

"Hakuniambia."

"Alikuwa na haya. Ila Jumatano na Ijumaa alijituma mwenyewe. Hizo usinihesabie."

Bi Kadi alicheka huku machozi yanashuka, na kwa miaka yote ya ujane wake hakuwahi kupewa kitu kipya kuhusu mumewe mpaka siku ile. Jioni alimsimulia wifi yake. Mshonaji alisimamisha cherehani, akataka asimuliwe tena tangu mwanzo, na safari hii asiruke kitu.

Fundi Barua alipiga simu mara nne zaidi, kisha binti yake akapiga kusema amelala na hakuamka. Karatasi zake zilibaki kwenye tovuti na salamu zao. Kuna mkubwa mpya aliyetaka ziondolewe. Meneja alimwambia akae kwanza asome ripoti za mwaka mmoja, na baada ya kusoma hakuligusa tena jambo hilo.

Bi Kadi alistaafu miaka miwili baadaye. Mezani aliacha orodha yenye mistari elfu mbili mia tatu na kitu, na mtu aliyefundishwa kuiongeza kila Jumatatu akisaidiana na Mama Pacha. Baadaye kiwanda kiliachana na kampuni ile ya kutafuta kikahamia kwa nyingine, kama watu wanavyohama nyumba ya kupanga, na orodha ikahama nayo, haikupotea hata mstari mmoja.

Majuzi alikuwa uani akianika nguo, wifi yake amekaa kivulini anapima kitambaa cha mtu, simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Mama Pacha, wale pacha wake walikuwa wanagombania kitu.

"Mama, shikamoo. Nina neno hapa kwenye ripoti limenishinda. Mtu ameandika, 'pampu imenuna.' Imenuna ni kufanyaje?"

Bi Kadi akabana kibano cha nguo mdomoni, akafikiri, akakitoa. "Amesema ilinuna asubuhi au ilinuna kutwa?"

"Hajasema."

"Ikinuna asubuhi tu, ni valvu ya chini, maji yameshuka usiku. Ikinuna kutwa, ni mpini. Waletee zote mbili, ile ya valvu ianze." Akatua beseni chini, akaketi kwenye kizingiti. "Haya, soma yanayofuata."